Maswali Yenu: Kunasa rekodi zilizobadilika kwa triga

SWALI: Nina jedwali la wateja kwenye PostgreSQL (mfumo wa hifadhidata). Kila usiku programu nyingine huchukua waliobadilika na kuwapeleka kwenye mfumo wa ripoti, kwa kuangalia kolamu ya saa ya badiliko la mwisho. Waliofutwa hawanaswi, wanabaki kwenye ripoti. Nimeshauriwa nitumie triga, yaani amri inayojiendesha yenyewe rekodi inapoongezwa, kubadilishwa au kufutwa. Nianzie wapi?

JIBU: Kolamu hiyo imo ndani ya rekodi yenyewe, rekodi ikifutwa, ushahidi nao umekwenda. Tengeneza jedwali la pembeni, mabadiliko, lenye kolamu sita: namba inayojiongeza, tendo, zamani na mpya (zote mbili jsonb, aina ya data inayobeba rekodi nzima), saa, na imesomwa inayoanza na false. Kolamu ya saa ijazwe na clock_timestamp(), kwani now() hutoa saa ya kuanza kwa muamala (kundi la amri zinazothibitishwa au kubatilishwa pamoja). Kisha:

CREATE FUNCTION andika_badiliko() RETURNS trigger AS $$
BEGIN
  INSERT INTO mabadiliko (tendo, zamani, mpya)
  VALUES (TG_OP, to_jsonb(OLD), to_jsonb(NEW));
  RETURN NULL;
END;
$$ LANGUAGE plpgsql;

CREATE TRIGGER wateja_badili AFTER UPDATE ON wateja
FOR EACH ROW WHEN (OLD.* IS DISTINCT FROM NEW.*)
EXECUTE FUNCTION andika_badiliko();

Hii ni kwa toleo la 11 na kuendelea. INSERT na DELETE ziwekee triga ya pili isiyo na WHEN, maana kwenye INSERT hakuna OLD (rekodi ilivyokuwa kabla) ya kulinganisha na PostgreSQL itaikataa.

Usiliache sharti hilo la WHEN. Programu nyingi huhifadhi fomu nzima hata kama mtumiaji hakugusa kitu, na jedwali lako litafurika mabadiliko hewa. Wala usilinganishe kolamu kwa <>: NULL ikiwa upande mmoja, jibu ni NULL, kwa hiyo mteja aliyekuwa hana simu akipewa namba, badiliko linapita kimya.

Triga huandika ndani ya muamala uleule, kwa hiyo muamala ukibatilishwa vyote viwili vinafutika. Ubaya wake ni kwamba hitilafu ndani ya triga inazuia hata badiliko halali la mteja. Ifanye iwe fupi. Jihadhari pia na TRUNCATE, amri ya kufuta jedwali zima kwa mkupuo, ambayo haiamshi triga za rekodi mojamoja. Wanyime watumiaji ruhusa hiyo.

SWALI: Triga zinafanya kazi, na programu yangu hukumbuka namba ya mwisho iliyosoma, kisha huchukua zilizo juu yake. Mbona mara mojamoja rekodi inarukwa?

JIBU: Kwa sababu namba hutolewa rekodi inapoandikwa, si muamala unapothibitishwa. Muamala wa kwanza unachukua 101 na kukawia. Wa pili unachukua 102 na kumaliza. Programu inasoma 102 na kuweka alama hapo. Baadaye 101 inathibitishwa, lakini iko nyuma ya alama, haisomwi tena, na hakuna kosa lolote linaloonekana. Achana na namba ya mwisho, tumia imesomwa:

UPDATE mabadiliko SET imesomwa = true
WHERE NOT imesomwa RETURNING *;

Zinazorudi hazina mpangilio wa uhakika. Zipange kwa namba. Thibitisha muamala baada tu ya mfumo wa ripoti kupokea. Umeme ukikatika katikati zitatumwa upya, basi mpokeaji awe na uwezo wa kupokea kitu kilekile mara mbili bila kuharibu hesabu.

SWALI: Kwenye MySQL ni hivyohivyo?

JIBU: Si kabisa. Triga moja hubeba tendo moja, kwa hiyo andika tatu. Na katika MySQL 8.0, rekodi zinazofutwa na ON DELETE CASCADE (yaani zinazofutika zenyewe rekodi mzazi inapofutwa) haziamshi triga. Ukitaka zinaswe, zifute kwa amri yako kabla ya kumfuta mzazi, ndani ya muamala huohuo.