Nahamia Arusha, nipange Muriet au Moshono?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi niko Tabora, nimepata kazi ya uhasibu Njiro naanza mwezi wa tatu, mke wangu ni nesi na yeye kapata Usa River. Tuna mtoto wa miaka mitatu. Arusha hatujawahi kuishi, mimi nimepita tu stendi. Bajeti ya kodi ni laki mbili na nusu kwa mwezi. Dalali kanitumia picha za nyumba mbili, moja iko Muriet vyumba vitatu ndani ya fensi, laki mbili, nyingine Moshono vyumba viwili laki mbili na nusu. Anataka kodi ya mwaka mzima maana anasema nyumba zinawahiwa. Mi naona ya Muriet ni kubwa na bei ni nzuri, nitume hela?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, karibu Chuga, na hela usitume. Hata shilingi ya kushikia nyumba usitume, huyo dalali hata kama ni mtu mwema kabisa. Mimi mwenyewe nilianza na udalali kabla sijahamia kusimamia nyumba za watu, sasa ni mwaka wa kumi na mbili, kwa hiyo najua picha zinapigwaje. Zinapigwa saa nane mchana, kiangazi, mpiga picha kaipa mgongo njia ya kuingilia.

Tuanze na safari zenu maana hapo ndo kodi halisi ilipojificha. Wewe Njiro, ambayo iko kusini mashariki mwa mji, mama watoto Usa River, huko ni barabara ya Moshi, unapita Tengeru ndo unafika. Yaani wote wawili kazi zenu ziko mashariki. Muriet iko kusini, na ukiangalia kwenye simu utaona Muriet na Njiro ni pua na mdomo, ila kifodi, ndo daladala zetu ndogo za huku, hakitembei kwa ramani ya simu, kifodi kinaenda mjini. Kwa hiyo utapanda kimoja mpaka mjini kisha cha pili Njiro, na mkeo hivyohivyo, anaingia mjini kwanza ndo atafute gari ya Usa. Sasa piga hesabu, wewe si mhasibu? Tuchukulie nauli ya ndani ni 600, hiyo gari ya ziada ni 1,200 kwenda na kurudi kwa mtu mmoja, nyie wawili 2,400 kwa siku, siku 26 za kazi ni 62,400. Nyumba ya laki mbili tayari imeshakuwa 262,400, imeipita ile ya Moshono, na hapo sijaweka bodaboda ya siku mkeo anatoka shifti usiku. Najua utaniambia kuna njia ya kukatiza huko nyuma mpaka Njiro, ipo ndiyo, ila kila siku kwa boda mwisho wa mwezi utalia.

Kwa hiyo kama kazi ni hizo mlizosema, mimi ningetafuta Moshono, Kijenge, au kule Philips na Kwa Mrefu. Philips na Kwa Mrefu ziko kwenye barabara ya Moshi yenyewe, mkeo anasimama tu barabarani anapanda gari ya Usa, wewe unashuka Kijenge unaenda Njiro. Nyumba za huko kwa bajeti yako zitakuwa ndogo, hilo nakwambia mapema usije ukanilaumu, chumba masta, chumba kimoja cha kawaida, sebule na jiko la kugeuka kwa tabu. Njiro penyewe nako unaweza kuulizia, wengi wanaisikia jina wanaogopa wakati kuna vijumba vya uani vya bei ya kawaida tu. Sakina, Ilboru na Ngaramtoni ni pazuri ila nyie hapawafai, ni upande mwingine kabisa wa mji.

Sio kwamba nawasema watu wa Muriet, nina wapangaji kule wamekaa miaka wamependa, wamepata nafasi na uwanja wa kulima mboga. Na siku hizi kila dalali wa upande wa kusini atakutajia uwanja wa AFCON 2027 kule Olmoti, nyumba iko karibu na uwanja, mtaa unapanda thamani. Thamani ikipanda anayefaidi ni mwenye nyumba, mpangaji anapandishiwa kodi basi.

Halafu makorongo. Hili naomba ulisome taratibu kwa sababu ya huyo mtoto. Mji wetu uko chini ya Mlima Meru, mvua ikinyesha huko juu maji yanashuka kwenye makorongo kwa nguvu hata kama kwako hapajadondoka tone. Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji asubuhi upande wa Muriet wakiwa wanakwenda shule, watoto wakafa. Kwa hiyo unapoangalia nyumba usiangalie nyumba peke yake, tembea kwa miguu kutoka getini mpaka barabara ya lami na mpaka shule atakayosoma, hesabu umevuka korongo mara ngapi na kama kuna daraja la kweli au ni mawe yamepangwa tu. Mimi nilishapanga mwezi wa sita mtaa mmoja wa juu huko, baridi kidogo, migomba, pazuri kama peponi, mwezi wa nne ulipofika nikawa natoka na gambuti nimembeba mtoto mgongoni viatu vya ofisini viko kwenye mfuko, bajaji wanakwambia mama shukia hapahapa. Nyie mna bahati mnakuja mwezi wa tatu, masika ndo inaanza, nyumba itawaonyesha tabia yake yote mapema.

Maji sasa. Serikali ilifanya mradi mkubwa wa maji Arusha wa bilioni 520 na hali imebadilika sana, ila bado mtaa na mtaa havifanani. Dalali usimuulize kama maji yapo, atasema yapo. Muulize mama wa jirani anayefua, yanatoka siku gani na saa ngapi, na angalia nje kwa watu, ukiona madumu yamepangwa foleni kila mlango jibu umeshapata. Ukikuta nyumba inatumia kisima chake uliza kimepimwa floraidi lini. Miamba ya Meru ni ya volkano, maji mengi ya chini ya ardhi huku yana floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaiwekea mpaka, ndo maana unaona watu wa huku wana meno ya kahawia. Mtoto wako wa miaka mitatu meno ya ukubwani yanajitengeneza ndani ya fizi saa hizi, hiyo rangi ikiingia haitoki kwa mswaki. Na kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki palepale. Kama kisima hakina majibu ya vipimo, ya kunywa na ya kupikia mnunue.

Umeme ni rahisi. LUKU iwe yako peke yako, ya kushea inavunja ujirani. Kabla hujalipa kodi nunua umeme wa elfu tano kwenye mita hiyo uone makato, ikikata deni la watu ujue mapema. Ile 1,500 inayokatwa humo kila mwezi ni kodi ya jengo, ni ya mwenye nyumba, mkubaliane atakurudishia vipi na iandikwe kwenye mkataba.

Kuhusu kodi ya mwaka, kataa. Wenye nyumba wengi huku wanapenda miezi sita, lakini mitatu inaongeleka hasa nyumba ikiwa imekaa tupu. Na hela iende kwa mwenye nyumba mwenyewe, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, maana kuna watu wamepangishwa nyumba na mtu ambaye na yeye ni mpangaji. Dalali mlipe mwezi mmoja wake akimaliza kazi, hiyo ni halali yake na mimi nimesomeshea watoto.

Ningekuwa mimi ningekuja peke yangu wiki mbili kabla, ulale gesti ya Kijenge hapo, familia na vyombo vibaki Tabora. Hiyo ya Moshono usiiache bado. Mwambie dalali akupeleke siku ya kazi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, usimame kituoni uone kifodi kinachukua muda gani kupata nafasi ya kukaa, halafu rudi mwenyewe bila yeye saa mbili usiku usikilize, maana kuna nyumba mchana kimya usiku ukuta kwa ukuta na baa. Akikwambia asubuhi hiyo hawezi ila mchana anaweza, nitafute nikupeleke mimi, na hela ya kutembezwa sichukui.