Jibu: Aliyeacha unga anaweza kurudi kwenye gitaa?

Ndugu yangu wa Tanga, umeuliza kama mdogo wako aliyetoka soba hausi, nyumba ya wanaoacha dawa za kulevya, ashike tena gitaa, au muziki utamrudisha kwenye unga. Mimi niko Bagamoyo, napiga gitaa, na vijana wa namna hiyo nimepiga nao. Anaweza, tena vizuri.

Mtazame Eric Clapton, mwimbaji na mpiga gitaa wa roki wa Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alijifungia nyumbani na heroini. Januari 1973 rafiki yake Pete Townshend alimvuta hadi jukwaani London, watu wakashangilia, lakini shangwe haikumponya. Mwaka uliofuata alitibiwa, heroini akaiacha, kisha pombe ikachukua nafasi yake! Hapo ndipo sisi ndugu tunapojisahau: kijana kaacha unga, tunamwona akilewa, tunasema afadhali. Clapton aliingia kituo cha tiba Marekani 1982, akarudia kunywa, akaingia tena 1987. Safari hiyo akaacha kweli, na hakurudi kwenye chupa hata alipofiwa na mwanawe wa miaka minne mwaka 1991. Mwaka 1998 alifungua kituo cha tiba kisiwani Antigua, kisha akanadi magitaa yake 100 kukichangia.

Basi gitaa mpe, ila aanze kupiga nyumbani mchana, si baa usiku. Kama anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, asikatishe dozi kwa ajili ya shoo. Akiteleza, usimwite teja. Mrudishe kwenye tiba siku hiyo hiyo.