Ukitaka kuelewa upepo, pima nguvu zake kwanza

Wengi wanaotaka kujifunza fizikia na hisabati za hali ya hewa hukimbilia ile milinganyo mirefu ya mwendo wa angahewa, na wengi huishia hapohapo. Ushauri wangu ni huu: chukua nguvu mojamoja, ipe namba, kisha uilinganishe na nyingine. Ndivyo nilivyoanza kuelewa, na hadi leo kila anayeniomba msaada namwanzishia hapo.

Anza na mgandamizo wa hewa. Karibu na usawa wa bahari, ukipanda kama mita 8 tu, mgandamizo hupungua kwa hektopaskali 1, yaani paskali 100. Simu yako ikiwa na barometa, panda nayo ngazi za ghorofa uone mwenyewe. Sasa tazama ramani ya hali ya hewa: ili kupata tofauti hiyohiyo kwa mlalo, mara nyingi utavuka kilomita 100. Kwa hiyo msukumo wa kwenda juu ni zaidi ya mara elfu kumi ya ule wa mlalo. Mbona basi hewa haifyatuki ikapotelea angani? Kwa sababu mvutano wa dunia unaivuta chini kwa nguvu inayokaribia kulingana na msukumo huo. Majitu mawili yamekabana, na upepo tunaousikia usoni unatokana na kile kidogo cha mlalo. Tulia hapa, usiharakishe. Ukilielewa hili, nusu ya somo imefunguka.

Kisha ingiza mzunguko wa dunia. Mzunguko huo hupindisha njia ya hewa inayosafiri, na kipimo cha athari hiyo ni f = 2Ω sin φ, ambapo Ω ni radiani 0.0000729 kwa sekunde na φ ni latitudo. Kwenye latitudo 45, f ni takriban 0.0001. Chukua ile tofauti ya mlalo, paskali 100, ugawe kwa mita 100,000, gawa tena kwa densiti ya hewa, yaani kilo 1.2 kwa mita ya ujazo, kisha gawa kwa f. Utapata upepo wa kama mita 8 kwa sekunde. Nao hauendi moja kwa moja kutoka mgandamizo mkubwa kwenda mdogo, bali hufuata mistari ya mgandamizo sawa. Kwenye ikweta f ni sifuri, na hesabu hiyo haifai tena. Ndiyo maana vimbunga ni nadra kuzaliwa ndani ya digrii 5 za ikweta.

Kalkulasi na vekta zitakutosha kwa mwanzo. Elimu ya joto usiiruke: hewa kavu inayopanda hupoa digrii 9.8 kwa kilomita, lakini mvuke ukigeuka matone hutoa takriban jouli milioni 2.5 kwa kila kilo, na joto hilo ndilo linalokuza mawingu ya radi.

Ukifika hapo, soma kisa cha Lewis Fry Richardson, mwanahisabati Mwingereza. Mwaka 1922 alichapisha utabiri alioukokotoa kwa mkono, ukatoa badiliko la hektopaskali 145 kwa saa 6, ilhali mgandamizo halisi haukutikisika. Fizikia yake ilikuwa sahihi. Vipimo vya kuanzia ndivyo havikuwiana, na kosa dogo katika namba kubwa zinazofutana likavimba. Mwaka 1950 kundi la mtaalamu wa hali ya hewa Jule Charney lilifanikiwa kwa ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza, kwa kutumia mlinganyo mmoja uliorahisishwa, wa mzunguko wa hewa. Nawe programu yako ya kwanza ijenge juu ya mlinganyo huo.