Maswali na majibu: safari za bahari, namba za kontena na bei ya CIF

Safari hii maswali mengi yametokana na chemsha bongo za biashara na uvumbuzi wa dunia. Tumechagua yale ambayo jibu la kukariri halitoshi.

Nilijibu kwamba mtu wa kwanza kuizunguka dunia ni Magellan, nikakoseshwa. Kwa nini?

Kwa sababu hakumaliza safari. Aliondoka Sanlúcar, Hispania, Septemba 1519 na merikebu 5, akauawa kisiwani Mactan, Ufilipino, tarehe 27 Aprili 1521. Aliyerudi ni Juan Sebastián Elcano, tarehe 6 Septemba 1522, akiwa na merikebu moja, Victoria, iliyosheheni karafuu za Maluku. Jiandae pia kwa swali linalofuata. Walipofika Cape Verde walidhani ni Jumatano, kumbe nchi kavu ni Alhamisi. Hawakukosea kuhesabu: anayekwenda magharibi analifuata jua, hivyo siku zake hurefuka, saa moja kwa kila nyuzi 15 za longitudo, na nyuzi 360 zikitimia amehesabu siku moja pungufu kwenye kalenda yake.

Vasco da Gama alivuka kutoka Malindi hadi India kwa chini ya mwezi. Mbona kurudi kulimchukua miezi mitatu?

Upepo. Aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza kushika, akiwa na rubani aliyepewa hapo hapo Malindi. Tarehe 20 Mei alikuwa karibu na Calicut. (Rubani huyo wengi humtaja kuwa Ahmad ibn Majid. Usiweke dau: João de Barros, mwandishi Mreno wa karne ya 16, anamtaja Mwislamu wa Gujarat, na wanahistoria wengi leo hawamkubali Ibn Majid.)

Kurudi aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba. Nahodha yeyote wa pwani yetu angemzuia. Oktoba kusi imekwisha na kaskazi haijaja. Ni maleleji, upepo unageukageuka au unakatika kabisa na tanga linalala. Angesubiri hadi Desemba, kaskazi ingemsukuma moja kwa moja hadi Afrika Mashariki. Alifika Malindi tarehe 7 Januari 1499. Kiseyeye kilikuwa kimeua mabaharia wapatao 30 katika mvuko huo tu, na waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vitatu, hivyo São Rafael ikachomwa moto baada ya kuondoka Malindi.

Nitajuaje kama namba ya kontena niliyotumiwa ni sahihi?

Namba kamili ina herufi 4 na tarakimu 7. Herufi 3 za mwanzo ni za mwenye kontena, ya nne kwa kawaida ni U, kisha tarakimu 6 za kontena lenyewe. Tarakimu ya mwisho, ambayo mlangoni huchorewa kisanduku, ni ya kuhakiki, nayo hupatikana kwa hesabu.

Kila herufi ina thamani: A ni 10, B ni 12, na kuendelea mfululizo hadi Z ambayo ni 38, ukiruka 11, 22 na 33. Zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ukiongeza mara mbili hadi nafasi ya kumi, 512. Jumlisha, gawanya kwa 11, tazama baki. Chukua CSQU305438: 13 + 60 + 112 + 256 + 48 + 0 + 320 + 512 + 768 + 4096 = 6185. Ukigawanya kwa 11 inabaki 3, basi namba kamili ni CSQU3054383. Baki ikiwa 10, andika 0.

Kosa la kawaida ni karani kupindua tarakimu mbili zilizo jirani, na hesabu hii hulinasa. Lirekebishe kwenye hati ya shehena kabla meli haijafika. Baadaye, forodha wakiwa wameshapokea orodha ya shehena, marekebisho hulipiwa na kontena linakaa bandarini likihesabiwa gharama za kuhifadhiwa.

Nimenunua gari Japani kwa CIF Dar es Salaam, limefika limekwanguka. Muuzaji si ndiye anawajibika?

Kwa kawaida hapana. Katika CIF, yaani bei inayojumlisha gharama ya mali, bima na nauli, muuzaji hulipa nauli na bima hadi Dar, lakini hatari inakuhamia gari likishapakiwa melini huko Japani. Bima anayolazimika kukata ni ya kiwango cha chini, Vifungu C, kwa asilimia 110 ya bei: gari la dola 5,000 hukatiwa 5,500. Hiyo hulipa meli ikizama, ikiungua au ikigongana. Mikwaruzo na wizi wa redio haimo. Kabla ya kulipa, omba Vifungu A, ambavyo ni bima pana zaidi.

Kwa sasa, piga picha, andika kasoro kwenye karatasi ya kupokelea kabla ya kusaini, na umpe mwenye meli taarifa ya maandishi. Kwa hitilafu isiyoonekana kwa macho, hati nyingi za shehena hutoa siku 3 tu. Na ushuru wa forodha na VAT havimo kwenye CIF; CIF ndiyo msingi wa kuvikokotoa.

Meli inayotoka Atlantiki kwenda Pasifiki kupitia Panama inaelekea upande gani?

Kusini-mashariki. Shingo ya nchi imepinda, hivyo mlango wa Atlantiki uko magharibi zaidi kuliko wa Pasifiki.