Programu imekamilika, sasa nitafute mtu wa kupamba skrini?

SWALI: Nimetengeneza programu ya simu ya kupokelea kahawa mbivu kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja huku Mbozi. Makarani wanasema ni ngumu: wakikosea kilo hawawezi kurekebisha, na mtandao ukisumbua hawajui kama taarifa zimefika. Kuna mbunifu wa skrini anasema atamaliza tatizo kwa wiki moja. Nimpe kazi? (Msomaji, Vwawa)

JIBU: Usimpe hela yako, ndugu yangu. Malalamiko yote mawili hayapo kwenye skrini. Yapo kwenye usanifu wa mfumo, na hakuna rangi itakayoyafikia.

Chukua hilo la kilo. Karani ameandika 84 badala ya 48, akahifadhi. Kitufe cha Tendua, cha kurudisha nyuma ulichofanya, kinachorwa asubuhi moja, lakini kikibonyezwa kitatendua nini? Kama programu yako inaandika jumla mpya juu ya ile ya zamani, ya zamani haipo tena, na pengine malipo yameshakokotolewa na mkulima ameshapata ujumbe. Kila pimo linatakiwa likae kwenye mstari wake bila kufutwa, na marekebisho yaingie kama mstari mwingine unaobatilisha ule wa kwanza, wenye jina la karani na saa. Hapo unagusa kanzidata, hesabu za malipo na ripoti zote.

La mtandao halitofautiani. Skrini ikiganda, karani anabonyeza Tuma tena, na mkulima anaandikiwa mzigo mara mbili. Simu iliwekee kila pimo namba yake ya pekee kabla ya kulituma, ili seva ikiliona tena isilihesabu. Kutuma kufanyike nyuma ya pazia, skrini ibaki huru kuonyesha "linasubiri" au "limepokelewa".

Kinachoniudhi ni imani kwamba ukishatenganisha skrini na hesabu, urahisi wa matumizi utaongezwa mwishoni. Utenganisho huo ni mzuri, na tunao tangu Trygve Reenskaug alipobuni MVC, mpangilio wa kutenganisha data na skrini inayoionyesha, mwaka 1979. Unakuwezesha kubadili sura ya programu bila kuvuruga hesabu. Kutendua na kughairi haukupi. Len Bass na Bonnie John, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, walishalieleza hili mwanzoni mwa miaka ya 2000, na bado vijana wanafundishwa kinyume chake.

Wanaoumia ni wanunuzi. Toka Iringa hadi Tunduma, vyama vya ushirika, saccos na shule wanaonyeshwa skrini zinazong'aa ukutani, wanasaini siku hiyohiyo. Viongozi, kabla ya kusaini mwambieni muuzaji aingize kiasi kisicho sahihi kisha akirekebishe mbele yenu, na azime data katikati ya kutuma. Mpeni simu karani wenu, si mtaalamu wake. Muuzaji akisema hayo yatakuja kwenye toleo lijalo, maana yake msingi wake haukujengwa kuyabeba, na toleo hilo mtalilipia kama mfumo mpya.