Kisu Kisichokaa na Makali: Tatizo Liko Motoni

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: "Kwa nini kisu cha mtu anayejifunza uhunzi hakikai na makali, au hukatika kikianguka sakafuni?" Mmeyaweka kama matatizo mawili, lakini mzizi ni mmoja. Kisu kinachopoteza makali upesi ni laini mno. Kinachokatika ni kigumu mno, au chembe za chuma chake zimekua kwa kuunguzwa. Yote hayo huamuliwa katika muda ambao bapa la kisu liko motoni, kwenye mafuta na kwenye oveni. Wanaojifunza hulaumu kinoo, halafu nyundo, halafu wanaanza kutafuta fuawe (chuma cha kufulia juu yake) kubwa zaidi. Kinoo hakiwezi kukipa chuma makali ambayo chuma chenyewe hakiwezi kuyabeba.

Kabla ya moto, kuna chuma. Ugumu unatokana na kaboni, na chuma kisicho na angalau asilimia 0.6 ya kaboni hakifai kwa kisu hata ukichovye mara kumi, yaani ukipoze ghafla kikitoka motoni. Vyuma vya kuundia milango na madirisha vina takriban asilimia 0.2 au chini ya hapo. Ukiokota chuma usichokijua, kata kipande kidogo, kipashe moto hadi sumaku isikishike, kizamishe kwenye maji, kisha kibane nusu kwenye jiliwa (vaisi), kifunike kwa kitambaa kizito na ukipige nyundo ukiwa umevaa miwani ya kazi. Kikijikunja, kiache. Kikikatika kwa mlio mkavu, kina kaboni ya kutosha.

Hata hivyo, anayeanza asianze na chuma cha kuokota. Springi ya gari ni feleji (chuma chenye kaboni kinachoweza kutiwa ugumu) nzuri kweli, lakini imebeba mizigo miaka mingi na huenda ina nyufa nyembamba kuliko unywele, ambazo utaziona siku ya kung'arisha bapa, kazi ikiwa karibu kwisha. Tupa kuukuu nazo nyingi ni feleji nzuri, ila zipo zilizotiwa ugumu kwenye ngozi ya nje tu, na ndani ni chuma laini. Chukua ubao mpya wa feleji inayojulikana, na kwa mtu asiye na tanuri la kupimia joto hakuna inayosamehe makosa kama ile ambayo jina lake ni namba tu, 1084. Ina kaboni ya kiasi cha asilimia 0.84. Kiwango hicho kinakaribia sana mahali ambapo kaboni huenea ndani ya chuma chote kwa joto la chini kabisa, kwa hiyo haihitaji kukaa motoni kwa muda mrefu. Feleji isiyoshika kutu muiache kwanza. Nyingi zinadai joto la zaidi ya nyuzi 1000 za Selsiasi, lililoshikiliwa sawasawa kwa dakika kadhaa, na hilo halipatikani kwa mkaa na feni.

Kufua kwa nyundo si lazima. Kisu kizuri chaweza kuchongwa chote kwa tupa, msasa na jiliwa kutoka kwenye ubao wa milimita 3 au 4, na huenda hiyo ndiyo njia bora ya kuanzia, kwa kuwa inapunguza mara ambazo chuma kinaingia motoni. Anayetaka kufua afue chuma kikiwa rangi ya chungwa na aache kikishuka hadi wekundu hafifu. Kugonga chuma kilichopoa ndiko kunakozaa nyufa za ndani.

Wakati wa kuchonga, kuna mambo matatu ya kutunza kwa ajili ya moto utakaokuja. La kwanza, usifikishe makali kwenye wembamba wake wa mwisho: acha unene wa milimita 1 hivi, maana ukingo mwembamba hupata moto kupita sehemu nyingine, hupoteza kaboni, hupinda na kupasuka. La pili, ondoa mikwaruzo ya tupa inayokatiza bapa kutoka mgongoni kwenda kwenye makali. Kila mkwaruzo wa namna hiyo ni mahali ufa unapoweza kuanzia, kwa hiyo msasa wa namba 220, ukivutwa kwa urefu wa kisu, unatosha kuufuta. La tatu, pale bapa linapokutana na mkia, yaani ile sehemu inayoingia kwenye mpini, usiache kona kali ya ndani. Izungushe kwa tupa ya mviringo. Visu vingi vinavyokatikia mpinini vimekatikia kwenye kona hiyo. Matundu ya ribiti, yaani pini za kushikia mpini, nayo yatoboe sasa, kwa sababu baada ya kuchovya keekee (drili) itateleza juu ya chuma na kujichoma yenyewe.

Sasa moto, na hapa naomba msomaji atulie nami.

Chuma kinapopashwa, mpangilio wa ndani hubadilika, kaboni hupata nafasi ya kuenea, na sumaku huacha kukishika. Kwa feleji za visu hilo hutokea mahali fulani kati ya nyuzi 730 na 770. Joto la kuchovya 1084 ni kati ya 800 na 815, yaani juu kidogo tu ya pale sumaku inapoachia. Mwenye kuchovya mapema, kabla ya hapo, hupata kisu laini. Mwenye kungoja hadi chuma kiwe cha rangi ya chungwa iliyokolea hupata kisu kigumu chenye chembe kubwa kama za chumvi, na hicho ndicho kinachokatika kikianguka. Kosa la pili ndilo la kawaida zaidi, kwa sababu mtu huogopa kisu laini na kuongeza moto "kwa usalama".

Kwa hiyo fanyeni kazi hii kwenye kivuli, ikiwezekana jioni. Rangi inayoonekana nyekundu iliyoiva ndani ya karakana yenye giza haionekani kabisa juani, na anayechovya mchana kweupe karibu kila mara atakuwa ameunguza chuma. Ning'iniza sumaku karibu na tanuri, gusisha bapa mara kwa mara, na ikiacha kushika rudisha motoni kwa muda mfupi hadi rangi iongezeke hatua moja tu. Usiliache bapa limetulia: lipeleke mbele na nyuma, mgongo ukielekea kwenye joto kali na ncha ikilindwa, maana ncha ni nyembamba na huungua kwanza. Ukitazama kwa makini utaona vivuli vyeusi vikitembea ndani ya ule wekundu na kisha kutoweka. Hapo ndipo mpangilio unapobadilika, na jicho lililozoea kuvisoma huamini vivuli hivyo kuliko kitu kingine chochote.

Kuna hatua inayorukwa na wengi, nayo ni kupumzisha chuma kabla ya kuchovya. Pasha bapa hadi kiasi cha nyuzi 870, liache lipoe hewani hadi lirudi kuwa jeusi na sumaku ilishike. Rudia kwa 830. Rudia tena kwa 790. Bila kipimo, maana yake ni mara tatu, kila mara wekundu ukipungua kidogo. Kupanda na kushuka huko huzivunja chembe kubwa zilizozaliwa wakati wa kufua na huondoa mvutano uliojificha, ambao ungekipinda kisu ndani ya mafuta. Anayeona hii ni kupoteza muda achukue mabaki mawili ya ubao uleule, apumzishe moja na asipumzishe jingine baada ya kuliunguza, ayachovye yote na kuyavunja. Moja litakuwa na sura ya kijivu laini kama kitambaa, jingine litametameta kama sukari. Hakuna somo la uhunzi lenye thamani kama kutazama mivunjiko hiyo miwili bega kwa bega.

Mafuta ya kuchovyea yawe ya kupikia, kanola kwa mfano, si chini ya lita 4 kwa kisu kidogo, ndani ya chombo kirefu cha chuma chenye kifuniko. Oili chafu ya injini ina moshi wenye sumu. Haina nafasi hapa. Yapashe mafuta hadi nyuzi 50 au 60. Wengi hushangaa kuambiwa hivyo, lakini mafuta baridi ni mazito na hayazunguki haraka kwenye chuma, ilhali 1084 inatakiwa kushuka kutoka 800 hadi chini ya 540 katika muda wa takriban sekunde moja. Ikichelewa hapo, ugumu umepotea na hakuna cha kuurudisha ila kuanza upya. Kwa hiyo chombo kiwe hatua moja kutoka kwenye tanuri. Bapa liingie wima, ncha kwanza, kwa mwendo mmoja, kisha litembezwe mbele na nyuma kama anayekata mkate. Ukilitikisa kushoto na kulia, upande mmoja hupoa kabla ya mwingine na kisu hutoka kimepinda.

Maji yasitumike kwa feleji hii. Yanapoza kwa nguvu mno, na ule mlio mdogo wa "tik" unaosikika ndani ya ndoo ni ufa.

Baada ya sekunde nane au kumi, toa na utazame. Ikiwa kimepinda na bado kiko juu ya nyuzi 200 hivi, hakijawa kigumu na unaweza kukinyoosha kwa mikono yenye glavu nzito za ngozi, kwa sekunde chache tu. Kikishapoa usijaribu. Kisha pitisha tupa kwenye makali: iteleze kama juu ya kioo. Ikishika, usikate tamaa mara moja. Safisha magamba na ukwangue ngozi ya juu kidogo, kwa sababu ngozi hiyo huwa imepoteza kaboni motoni, halafu jaribu tena. Ikiendelea kushika, joto halikutosha au mafuta yalichelewa.

Wakati huo kisu ni kigumu kama kioo na kinavunjika kama kioo. Kisikae hivyo hadi kesho. Kuna vilivyopasuka vyenyewe juu ya meza usiku. Kikipoa kiasi cha kushikika, kisafishe na ukiingize kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa saa 2, kiache kipoe, kisha saa 2 nyingine. Huku ndiko kutuliza chuma: ugumu unapungua kidogo, uvumilivu unaongezeka sana. Namba iliyo kwenye kitufe cha oveni isiaminiwe. Weka kipimajoto kando ya kisu, na ukizike kisu ndani ya sinia la mchanga ili joto lisipande na kushuka ghafla. Sehemu uliyoing'arisha itageuka rangi ya majani makavu. Kahawia ina maana umefika karibu 250, na bluu, karibu 300, ina maana kisu kimekuwa springi.

Rangi hiyohiyo ya bluu ndiyo adui wa siku zinazofuata. Kisu kilichochovywa vizuri na kutulizwa vizuri huharibiwa kwenye jiwe la umeme kwa nukta tatu za uzembe, kwa sababu makali membamba hupata moto kabla vidole havijahisi. Saga bila glavu ili uhisi joto, chovya kwenye ndoo ya maji kila mpito mmoja, na bluu ikitokea kwenye makali, ondoa chuma hicho chote hadi chini ya rangi au urudi kwenye kuchovya.

Vumbi la kazi hii liheshimiwe. Barakoa yenye vichujio ivaliwe wakati wa kusaga chuma na vilevile mbao za mpini, na siku ya vumbi itengwe na siku ya moto. Chuma kilichotiwa zinki kisiingie tanurini kabisa, kwa kuwa moshi wake unaumiza mapafu. Tanuri la mkaa au la gesi lisiwashwe chumba kikiwa kimefungwa. Mafuta yakiwaka, funika chombo. Maji yatayarusha mafuta hayo usoni pako. Na kila chuma kilicho juu ya fuawe kichukuliwe kuwa cha moto, kwa maana chuma cha nyuzi 400 ni cheusi sawa na kilichopoa.

Mpini nitaupitia haraka. Mbao iwe imekauka kabisa, mkia ukwaruzwe kwa msasa mkavu na kufutwa mafuta, gundi ya epoksi iachwe saa 24, na usibane kwa nguvu zote, maana gundi yote itatoka nje na mbao zitashikwa na ribiti peke yake. Ncha ya mbele ya mbao, ile inayotazama bapa, imalizwe kabla ya kugundisha. Baadaye msasa haufiki pale bila kukwaruza chuma.

Kisha noa, kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande, hadi uhisi uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili, na uuondoe kwa kuyavuta makali juu ya ukanda wa ngozi. Sasa jaribu moto wako wote kwa ufito wa shaba nyeupe (brasi) wenye unene wa milimita 6. Ubane kwenye jiliwa, laza makali juu yake kwa pembe ileile ya kunolea, kandamiza na uvute taratibu huku taa ikimulika kutoka nyuma. Utaona makali yakibonyea juu ya ufito. Yakibonyea na kurudi, kisu kimeiva. Yakimeguka vipande vidogo, rudisha kwenye oveni kwa nyuzi 10 au 15 zaidi, baada ya kutoa mpini; bora zaidi ni kufanya jaribio hili kabla ya kugundisha. Yakibaki yamepinda, kwangua kwanza nusu milimita ya ukingo na unoe upya, kwani huenda ni ngozi iliyopoteza kaboni. Yakipinda tena, toa mpini, washa tanuri, na uanze kwenye kupumzisha.