Dada, Hayo ni Mawazo: Nilivyoijua OCD kwa Kufuli la Duka

Wiki iliyopita dada mmoja wa Chake Chake kaniandikia: "Kaka, nafikiri nina OCD. Tangu nitoke kwenye usaili wa kazi silali, kila jibu nililotoa linanirudia kichwani." Nilicheka kidogo, kisha nikaudhika kidogo. Dada hana kosa. OCD ni maradhi ya akili, ya mawazo yanayokurudia na kukushurutisha urudierudie jambo. Kinachoniudhi ni kuwa siku hizi mtu akipanga viatu vyake mlangoni basi naye ana OCD. Mimi siku ya kwanza nilipomwambia kaka yangu kuwa nina OCD, aliniuliza, "OCD wa wilaya gani?" Kwake OCD ni mkuu wa polisi wa wilaya, akadhani natafutwa na polisi.

Yangu yalianza na maji. Kwetu Wete, Pemba, nina miaka 16, natia udhu kwa ndoo. Ndoo haifiki kulateni, kile kiwango cha maji kuhesabiwa mengi, na chuoni tulishasomeshwa kuwa maji machache yana masharti yake. Basi tone likiruka kutoka mkononi likaingia ndani, namwaga ndoo nzima nakwenda kisimani kuchota upya. Imamu anatoa salamu, mimi bado niko mguu wa kushoto. Nikisimama kusali, takbira naileta hata mara 20 kwa kuhisi nia haijakaa. Na watu wakinisifu! Mama akiwaambia majirani mwanawe mcha Mungu. Sifa zile ndizo zilizonichelewesha.

Miaka ya baadaye nairuka, haina jipya, ni ndoo tu. Nikaja mjini Unguja, nikaajiriwa duka la vitambaa Darajani. Nia yangu ilikuwa kama yenu nyote: umtumikie mtu, ukusanye mtaji, ufungue lako. Kufunga duka ilikuwa kazi yangu. Nafunga kufuli, nalivuta, nalivuta tena, mpaka zitimie saba. Nishapanda gari ya Mwanakwerekwe, nafika Amani, wazo linaingia: hukufunga. Nashuka, narudi. Jicho linaona kufuli limefungwa, moyo unakataa.

Usiku mmoja, saa nne, nikafungua mlango kabisa ili niufunge upya kwa uhakika. Jirani akaniona, akampigia tajiri. Asubuhi naulizwa: ulikuwa unatoa nini dukani usiku? Utamwambiaje mtu kuwa ulifungua ili ufunge? Nikafukuzwa kama mwizi. Wenzangu wakanibandika jina, Bwana Kufuli. Wapo wanaoniita hivyo hadi leo nikipita Darajani, wanacheka. Mimi sicheki.

Makombe nimekunywa, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji. Mtu wa Pemba hakosi jamaa wa kumpeleka kwa fundi, yaani mganga. Zafarani ile niliinywa, lakini kwanza nikamuuliza mzee wa watu mara tatu kama kikombe kilikuwa twahara. Aliyenifaa ni sheikh wangu wa chuoni. Alinambia, "Yakini haiondoshwi na shaka, na suala hili usiniulize tena." Kesho yake nikamuuliza tena. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, haya si ya fiqhi. Nenda Kidongo Chekundu." Nilikwenda kofia imenifika machoni, maana kwetu kuitaja hospitali ile ya maradhi ya akili tu ni tusi.

Daktari aliniuliza jambo moja ambalo sijalisahau: "Ukishalivuta kufuli, raha inakaa muda gani?" Nikamwambia dakika mbili.

Hapo ndipo pa kutazama. Anayewaza sana ana jambo lake: usaili, kodi, posa. Linamkosesha usingizi, lakini jibu likija, liwe zuri au baya, mawazo yanahama. Wazo la OCD huja bila kuitwa, mara nyingi ni baya na mwenyewe unalichukia, na linakudai ufanye kitu: uoshe, uvute, uhesabu, uulize. Ukifanya unapoa, kisha linarudi na deni kubwa zaidi. Likikula zaidi ya saa moja kwa siku, au likikuharibia kazi na ibada, madaktari hulihesabu kuwa maradhi. Na msidanganyike na maji: wapo wasioosha wala kuvuta chochote, wanahesabu na kurudiarudia maneno moyoni tu, na hao ndio huambiwa "unawaza sana wewe" mpaka wanachakaa.

Wala msiniambie ni maradhi ya Kizungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kuhusu wasiwasi unaoitesa nafsi kabla Wazungu hawajalipa jina lao.

Tiba yangu ilikuwa vidonge vya fluoksetini, ambavyo vilichukua wiki kama kumi kabla sijaona tofauti, na zoezi ambalo nalichukia hadi leo: funga mara moja, geuka, nenda, wazo likuite usiitike. Siku ya kwanza nilikaa Michenzani natetemeka, jasho limenirowesha kanzu, na sikurudi. Siku ya pili hivyohivyo. Nasema tena: usiitike. Sina ushauri mwingine mkubwa kuliko huo, na nitaurudia kila mnaponiandikia. Na nyinyi wenye watoto wanaomwaga ndoo za maji, acheni kuwasifu! Mtoto anaungua, nyinyi mnahesabu thawabu. Mpelekeni kwa daktari, na sheikh awe pamoja naye, hawagombani hao.

Leo duka ni langu, dogo, Mwanakwerekwe, na kufuli ni langu. Mwezi uliopita nilipanda boti kwenda Mkoani, Pemba, kumtazama mama, siku nne, na sikumpigia mtu yeyote aende akanitazamie mlango. Wazo lilikuja tukiwa katikati ya bahari. Nikaliacha lipige kelele, nikanunua chai.

Sasa dada, majibu ya usaili wako bado hayajatoka, na huwezi kuacha kuyawaza. Yakitoka, niandikie. Ukiona jibu limekuja na bado unaamka usiku kuyasoma maswali yale kwa idadi maalumu, niandikie pia, tena upesi. Lakini ujumbe wako umeniletea mara moja tu, na mimi nilipochelewa kujibu ulinyamaza, ukasubiri siku sita. Mimi wa zamani ningekuandikia mara tisa kabla ya adhuhuri, kisha ya kumi kuuliza kama zile tisa zimefika.